Mama Kevina na nadhiri ya utii

Saa tisa usiku wodi ya wazazi ina sauti zake. Kitasa cha mlango wa leba, ndara za manesi kwenye sakafu ya saruji, maji yanamiminwa kwenye beseni. Wifi yangu alikuwa ndani tangu jioni. Mimi nilikuwa kwenye benchi la korido na kapu la khanga, chupa ya chai na kadi yake ya kliniki.

Akatoka sista. Aproni ya plastiki juu ya vazi la kijivu, mikono imekunjwa hadi juu ya viwiko, shela imefungwa nyuma isimsumbue. "Mwenzetu ni hodari," akasema. "Njia imeshafunguka. Nipe khanga mbili." Nikampa, akarudi ndani.

Pembeni yangu alikuwa amekaa sista mwingine, mzee, mkunga aliyestaafu, ambaye nimeambiwa haendi kulala mpaka wodi itulie. Tulikuwa tumeshaamkiana na kumaliza habari za nyumbani. Aliniona nimekodolea macho ule mlango, akasema tu, kama mtu anayeendeleza mazungumzo:

"Unajua, mwanangu, waliotulea sisi utawani walikuta jambo hili limekatazwa. Mtawa hakuruhusiwa kuzalisha."

"Limekatazwa na nani, sista?"

"Na Kanisa."

Kabla ya mapambazuko alizaliwa binti, mzima, mwenye sauti kubwa. Tukamshukuru Mungu, tukapiga simu huku na huku. Lakini maneno ya yule bibi hayakunitoka wiki hiyo, wala wiki zilizofuata. Mimi nimezaliwa mikononi mwa masista. Wadogo zangu pia. Kwetu, sista na wodi ya wazazi ni kitu kimoja, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu walilazimika kuupigania mlango ule ufunguliwe.

Nikaanza kusoma. Kila nilikopita, nilikutana na mwanamke mmoja yule yule: Mama Kevina wa Uganda.

Kilima cha Nsambya

Habari za Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Mashahidi wa Uganda na vita vya Mengo vya 1892 kati ya Wakatoliki na Waprotestanti mnazijua, sitazirudia. Kilichobaki baada ya vita vile ni kwamba Buganda nzima Mkatoliki aliitwa Mfaransa na Mprotestanti aliitwa Mwingereza. Mwaka 1895 wakaja mapadre wa Mill Hill kutoka London, wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, ili watu waone kwamba hata Mwingereza anaweza kuwa Mkatoliki. Wakapewa kilima cha Nsambya, Kampala. Muda si mrefu Hanlon akaona kwamba bila wanawake hatawafikia wanawake, akaomba masista.

Sita waliondoka London Desemba 1902, wakafika Nsambya tarehe 15 Januari 1903. Mmoja wao alikuwa Sista Maria Kevin, ambaye watu walikuja kumwita Mama Kevina. Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney, Mwairishi wa Arklow, katika kaunti ya Wicklow, aliyezaliwa 1875. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, mama akafariki yeye akiwa na miaka kumi, akalelewa na bibi. Mwaka 1895 aliingia kwa masista Wafransisko wa Mill Hill.

Kuna jambo dogo hapo ambalo waandishi wengi hulipita haraka. Hakuomba kuja Afrika. Alijitolea kwenda Marekani, na akasubiri huko Mill Hill kwa miaka akitarajia kupelekwa huko. Ulipofika wito, akaambiwa Uganda. Akafunga mizigo.

Walianza kutibu watu chini ya mwembe. Hiyo ndiyo ilikuwa zahanati. Ugonjwa wa malale ulikuwa unafagia Busoga na visiwa vya ziwa, na katika miaka ile uliua zaidi ya watu laki mbili. Ndui nayo ilikuja. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Nsambya ikapokea wapagazi wa jeshi, wale wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi), wakiwa wamebaki mifupa, na Kevin, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkuu wa wenzake, aliwauguza kwa hasira ya mtu anayeona binadamu wakitumiwa hadi waishe. Serikali ya Kiingereza ilimpa nishani mwaka 1918.

Naziacha nishani. Kilichonikosesha usingizi ni kina mama wajawazito.

Sheria yenyewe

Mwaka 1901 Roma ilitoa kanuni za kukubali mashirika mapya ya kitawa, na miongoni mwake ilieleza kwamba kazi ya kuzalisha haifai kwa wanawake walioweka nadhiri. Sheria za Kanisa za 1917 nazo zikawabana watawa wasifanye kazi ya udaktari bila kibali. Hoja ilikuwa usafi wa moyo: mwanamke aliyejitoa kwa Mungu katika useja asikae pale.

Nijaribu kuyasema haya bila dharau, maana walioyaandika waliamini wanawalinda.

Lakini fikiria usiku mmoja Nsambya, labda mwaka 1908 au 1912. Mama ameletwa kwa machela akiwa na uchungu wa siku ya pili. Ndani kuna wanawake wanaojua kusafisha kidonda, kushusha homa, kuzuia damu. Wote wameweka nadhiri ya utii. Kilima cha pili, Namirembe, kwenye hospitali ya Mengo, wako Waprotestanti: Dokta Albert Cook na mke wake Katharine, ambaye amefunzwa uuguzi na hakuna wa kumkataza. Baadaye akafungua shule ya wakunga pale. Lakini kutoka Nsambya hadi Mengo ni mwendo, na katika Buganda ya enzi hizo, baada ya vita vile, Mkatoliki kupanda kilima cha Waprotestanti hakukuwa jambo la miguu tu.

Nilisoma nikitamani nikute mahali palipoandikwa kwamba alikaidi. Kwamba usiku fulani alikunja mikono ya vazi lake, akasema potelea mbali, akaingia. Nilitaka shujaa wa namna hiyo.

Nilichokikuta ni kitu kingine.

Alitazama sheria inamfunga nani. Ilimfunga aliyeweka nadhiri. Haikumfunga mlei. Akatafuta daktari mwanamke asiye mtawa, akampata Dokta Evelyn Connolly, mmisionari mlei. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wawili hao wakaanzisha Nsambya shule ya manesi na wakunga, wanafunzi wakiwa wasichana wa nchi ile ile, mabinti wa watu wasio na nadhiri yoyote. Sista hakuzalisha. Sista alihakikisha kuna chumba, vitanda, mwalimu na mwanafunzi, na kwamba mwanafunzi huyo akihitimu anarudi kijijini kwao akiwa mkunga. Wakati huo huo akawa haachi kuwasumbua wakubwa ili katazo lenyewe liondolewe.

Liliondolewa tarehe 11 Februari 1936. Idara ya Roma inayosimamia umisionari ilitoa maagizo yaliyowaruhusu masista katika nchi za misheni kuwahudumia wajawazito na watoto wachanga, tena ikawahimiza wasomee kazi hiyo. Ushindi huo haukuwa wa mtu mmoja. Anna Dengel, daktari kutoka Austria aliyefanya kazi India na kuanzisha jumuiya ya masista wa tiba huko Washington mwaka 1925, alipiga kelele miaka mingi. Mwairishi mwingine, Mary Martin, alikuwa anangoja mlango huo tu. Mwaka uliofuata akaanzisha shirika lake. Wanawake hawa kila mmoja alikuwa upande wake wa dunia akigonga mlango ule ule.

Sasa piga hesabu. Kutoka 1903 hadi 1936 ni miaka thelathini na mitatu.

Hapo ndipo ninaponasa. Wanaomtetea husema angekaidi angerudishwa Ulaya kwa meli ya kwanza, na Nsambya ingempoteza yeye pamoja na shule. Ni kweli, nakubali. Lakini kabla ya Connolly kuja ilipita zaidi ya miaka kumi na mitano ya usiku kama ule niliousimulia, na gharama ya utii ule hakuilipa yeye aliyeuahidi. Waliilipa wanawake wa Buganda ambao hawakuahidi lolote. Sioni namna ya kulizunguka jambo hili, na sidhani inafaa kulizunguka.

Ninachoweza kusema ni kwamba aliliona. Asingeliona asingehangaika hivyo kumtafuta Connolly.

Wasichana wanane

Mwaka 1923, Nkokonjeru, Mama Kevina aliwapokea wasichana wanane Waafrika waliotaka kuwa watawa. Ndio mwanzo wa Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao leo wako Uganda, Kenya na Tanzania, na ambao huenda mmoja wao amekufundisha wewe unayesoma, au amekudunga sindano.

Simulizi nyingi hapa humtazama mwanzilishi. Mimi nimekaa na wale wanane.

Binamu yangu alipotangaza kwamba anaingia utawani, baba mdogo hakusema naye kwa muda mrefu. Kikao cha ukoo kiliitwa. Niliketi mlangoni na vijana wenzangu tukasikiliza. Hakuna aliyemkana Mungu katika kikao kile. Wote walikuwa Wakatoliki na rozari shingoni. Maswali yao yalikuwa mengine. Nani atarithi jina la bibi? Akizeeka, atatunzwa na nani? Akifa atazikwa wapi, kwa watu gani? Shangazi mmoja alilia waziwazi, akasema mtoto huyu anakufa angali hai. Na hii ilikuwa juzi juzi tu, zama za simu, katika familia yenye padre.

Basi rudi 1923. Buganda, ambako mtu ni ukoo wake kwanza, na binti ni mke wa kesho wa mtu na mama wa watoto watakaobeba majina ya wahenga. Kweli, upande wa Masaka Bannabikira walikuwa wameshaanza Villa Maria tangu 1910, kwa hiyo neno la mtawa Mwafrika halikuwa geni kabisa. Hilo halikupunguza uzito kwa baba wa Nkokonjeru anayetazama mwanawe akiondoka na kifurushi chake. Watu wakisema watawa ni watiifu, mimi huwaona wale wanane, na kitu cha kwanza walichokifanya katika safari yao kilikuwa kukataa: kukataa ndoa, kukataa mpango wa wakubwa, kukataa maisha ambayo kila mwanamke waliyemjua aliishi. Halafu ndipo wakaahidi kutii.

Kwa hiyo shirika lile lina waanzilishi tisa. Huo ndio msimamo wangu. Kevin alikuwa na abasia, nyumba kuu ya watawa ya Mill Hill, nyuma yake, askofu mbele yake, na jina. Wale walikuwa na mwanamke mmoja wa Kizungu aliyewaambia inawezekana.

Waliyoyafanya baada ya hapo yanaonekana kwa macho. Walilima, walifundisha, waliuguza. Wagonjwa wa ukoma, ambao hakuna aliyetaka kuwakaribia, walifunguliwa vituo Nyenga na Buluba katika miaka ya 1930, na masista wakakaa nao. Mwaka 1942 Mama Kevina akafungua sekondari ya wasichana, Mount St Mary's ya Namagunga. Humo alipita Specioza Kazibwe, daktari wa upasuaji ambaye mwaka 1994 alikuwa Makamu wa Rais wa Uganda.

Kwa nini wasiwe pamoja?

Hili nalo lilinisumbua, na naliandika kwa uangalifu kwa sababu nina marafiki katika shirika lile.

Mama Kevina alikuwa mtawa tayari. Alikuwa na shirika. Wale wanane wangeweza kuingia humo humo, wakavaa vazi lile lile, wakakaa meza moja na Wairishi na Waingereza. Badala yake walianzishiwa la kwao.

Ukisoma historia ya misheni utaona halikuwa jambo la Nkokonjeru peke yake. Bannabikira nao walilelewa na masista wa Kizungu bila kuwa sehemu ya shirika lao. Ulikuwa utaratibu wa enzi ya ukoloni, na chini yake kulikuwa na imani kwamba Mwafrika hayuko tayari, anahitaji ngazi yake ya pembeni. Siwezi kuamini kwamba Mama Kevina alisimama nje kabisa ya imani hiyo. Hakuna Mzungu wa Kampala ya 1923 aliyesimama nje yake kabisa.

Na bado kuna upande wa pili, ambao kadiri nilivyoutafakari ndivyo ulivyozidi kuwa na nguvu. Wangeingia katika shirika la Mill Hill, unovisi wao, yaani malezi ya mtawa mpya, ungekuwa Uingereza. Mkuu wao angekuwa London. Kila jambo, kuanzia chakula hadi masomo, lingeamuliwa na watu wasioijua matoke wala mwaka wa njaa. Kwa kuwa na shirika lao, siku ilipofika ya kuchagua viongozi walichagua katikati yao, na ardhi, shule na hospitali zikawa zao. Leo makanisa mengi Ulaya yanafunga nyumba za watawa kwa kukosa wasichana, na Nkokonjeru bado wanapokea.

Je, aliliona hilo mapema, au lilitokea tu? Nimekwenda mbele na kurudi nyuma kwenye swali hili. Kilichoniegemeza upande mmoja ni tarehe mbili. La Waafrika alilianzisha 1923. La kwake mwenyewe na wenzake Wazungu lilikuja 1952.

Katikati ya miaka hiyo, masista wa Ulaya waliokuja Uganda waliendelea kuwa tawi la abasia ya Mill Hill. Mwaka 1928 alifungua nyumba ya unovisi Holme Hall, Yorkshire, ili wanaokuja Afrika wafundwe kwa ajili ya Afrika. Lakini kujitenga rasmi, kuwa Masista Wafransisko Wamisionari wa Afrika, na makao yao Mount Oliver karibu na Dundalk, Ireland, kulingoja hadi 1952. Alichaguliwa mkuu wao wa kwanza. Alikuwa na miaka sabini na saba.

Mtu anayetafuta himaya huanza na nyumba yake. Yeye alianza na ya wengine, na ya kwake akaijenga uzeeni.

Boston

Mwaka 1955 alipumzishwa uongozi. Miaka themanini. Unadhani angerudishwa Nkokonjeru, akae barazani, waje watoto wa wale aliowazalishia wakunga wamsalimie.

Alipelekwa Marekani. Brighton, katika jiji la Boston, akasimamie nyumba ya masista na kuomba misaada kwa ajili ya kazi za Afrika.

Nilipofika hapa nilifunga kitabu. Nimeona wazee wa kwetu wakihamishwa mjini na watoto wao, kwa nia njema kabisa, na najua mwili wa mzee unavyolia ukitolewa mahali pake. Nusu karne ya Uganda, halafu baridi ya Massachusetts na kuzunguka kuomba fedha. Aliwekewa jambo hilo mbele yake, na nadhiri aliyoiweka msichana wa Arklow katika karne iliyotangulia ilikuwa bado inamfunga. Akaenda. Akaomba fedha, akazituma.

Marekani, ile aliyoiomba akiwa kijana akanyimwa, alipewa sasa.

Wapo wanaoisoma safari hiyo kama taji la maisha yake. Mimi inaniuma, na nadhani anayeisoma bila kuumia hajamtazama vizuri. Tangu 2016 jimbo la Lugazi limefungua kesi ya kumtangaza mwenye heri, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Ombi langu kwa wanaoandika faili lake ni moja: msiupige pasi utii wake. Andikeni na usiku wa Nsambya kabla ya Connolly. Andikeni kwamba aliutumia utii kama chombo alipoweza, na kwamba mara nyingine ulimkata yeye na ukawakata wengine. Watawa vijana wanaopokea barua za uhamisho leo watafaidika zaidi na mwanamke huyo kuliko na picha ya ukutani.

Alifariki huko Brighton tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa na miaka themanini na miwili. Mwili ukasafirishwa hadi Ireland, uzikwe Mount Oliver, katika nyumba mama ya shirika alilolianzisha mwisho. Ulikuwa mpango wa kawaida, wa haki, uliopangwa na wenye mamlaka ya kuupanga.

Wakatoliki wa Uganda wakakataa. Wakaandika, wakaomba, wakasisitiza kwamba yule ni wao. Wao hawakuwa wameweka nadhiri ya kumtii mkuu yeyote wa Dundalk. Desemba ile ile mwili ulishushwa Uganda, na Masista Wadogo wakamzika Nkokonjeru, katika makaburi yao wenyewe.